Goti likichanika, kisu kisubiri

Siku hizi hata muuza kahawa wa kijiweni anaijua ACL. Herufi hizo tatu zimeingia mitaani kupitia matangazo ya mpira: beki kapiga mguu chini, kageuka, goti halikugeuka naye, kaanguka bila kuguswa na mtu, na kabla machela haijafika mtangazaji keshasema msimu umeisha. Pamoja na herufi hizo tumepokea imani nzima ambayo hatujaihoji, kwamba ligamenti hiyo ya katikati ya goti ikikatika basi ni kupasuliwa au kubaki kilema. Mwenye nacho, au mwenye ndugu wenye nacho, hufunguliwa kundi la michango la WhatsApp hata uvimbe haujashuka, ili apelekwe hospitali kubwa ama India. Asiye nacho huambiwa apumzike, hupewa vidonge vya maumivu, hukandwa goti kwa maji ya moto na mafuta, na baada ya mwezi anarudi kwenye bodaboda yake na goti linalocheza kama mguu wa meza uliolegea. Wawili hawa hawafanani kwa lolote, ila wote wameaminishwa jambo moja: pasipo kisu hakuna tiba. Hoja yangu ni kwamba imani hiyo si kweli kwa sehemu kubwa ya magoti yanayochanika, na inawaumiza wote wawili, huyu wa pili zaidi.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Mfupa wa paja na mfupa wa muundi hushikiliwa na ligamenti nne kubwa: mbili ubavuni, moja upande wa ndani na nyingine wa nje, na mbili katikati zinazopishana kama herufi X, moja ya mbele na moja ya nyuma. Mtaani zote huitwa mishipa, na mgonjwa anaweza kutoka hospitali akijua tu kwamba "ligamenti imechanika", asijue ni ipi wala kwa kiasi gani. Hapo ndipo upotovu unapoanzia, kwa sababu ligamenti hizi haziponi kwa namna moja. Ile ya ubavu wa ndani iko nje ya chumba cha goti na inapata damu vizuri. Ikichanika peke yake hupona, mara nyingi hata ikiwa imekatika kabisa, kwa kuvaa bresi yenye bawaba na kuanza mazoezi mapema. Juu ya hilo madaktari wa mifupa hawana ugomvi. Ile ya nyuma, ambayo huumia goti linapogonga dashibodi ya gari au dereva wa pikipiki anapoangukia goti lililokunjwa, nayo ikiwa imeumia peke yake kwa kawaida hutibiwa kwa bresi na kujenga msuli wa mbele wa paja. Ubishi uko kwenye ile ya mbele, ACL yenyewe. Hii inaishi katikati ya kiungo, imezungukwa na ute. Ikikatika, damu ambayo ingeganda na kuziunga ncha zake husambaa kwenye ute huo, na ncha hubaki zikielea. Ndiyo maana kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba ACL haiungi, na kutoka hapo ikawa rahisi kuruka hadi hitimisho kwamba lazima ipandikizwe nyingine.

Lakini swali la kama ligamenti imeunga si swali la mgonjwa. Mgonjwa anauliza kama atatembea bila maumivu, atashuka ngazi, atalima, atasujudu, atacheza. Swali hilo lilijibiwa kwa makini kwa mara ya kwanza nchini Uswidi. Watafiti waliwachukua watu 121 wenye umri wa miaka 18 hadi 35, waliokuwa wametoka tu kuchanika ACL, wakawagawa kwa kura. Kundi moja lilipasuliwa mapema kisha likapewa mazoezi tiba. La pili lilianza na mazoezi tiba peke yake, na yeyote ambaye goti lake lingeendelea kuyumba alikuwa na haki ya kupasuliwa baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la New England Journal of Medicine. Baada ya miaka 2, kwa mizani ya alama 100 inayopima maumivu, dalili nyingine, uwezo wa michezo na ubora wa maisha, kundi la kisu lilikuwa limepanda alama 39.2, na kundi la mazoezi alama 39.4. Kati ya 59 waliopangiwa kuanza na mazoezi, 23 walikuwa wamepasuliwa, na 36 hawakuwa wameona haja. Baada ya miaka 5 waliopasuliwa walifika 30, na bado makundi yalikuwa sawa. Kuna jambo dogo ndani ya utafiti huo ambalo napenda sana: daktari alipolivuta goti kwa mikono yake kupima ulegevu, magoti yaliyopasuliwa mapema yalikuwa yamekaza zaidi. Mkono wa daktari uliona tofauti ambayo wenye magoti, katika maisha yao, hawakuiona.

Uholanzi walirudia swali lile lile kwa wagonjwa 167, na matokeo yakatoka katika jarida la BMJ mwaka 2021. Safari hii kisu kilitangulia: alama 84.7 dhidi ya 79.4 baada ya miaka 2. Tofauti ipo, na sitaificha, ingawa ni ndogo kiasi kwamba hakuna hakika kama mgonjwa mwenyewe angeihisi. Nusu ya walioanza na mazoezi hawakupasuliwa kabisa. Mpinzani atasema nusu nyingine walipasuliwa, kwa hiyo mazoezi yalishindwa kwa nusu nzima. Mimi naisoma hesabu hiyo kwa namna nyingine. Hakuna daktari anayeweza kumtazama mgonjwa siku ya tano, goti likiwa limevimba kama boga, akasema kwa hakika kwamba huyu ataishi vizuri bila ACL na yule hataweza. Miezi mitatu ya mazoezi ndiyo inayowachambua. Anayefaulu ameepushwa na nusu kaputi, makovu, hatari ya maambukizi na bili. Asiyefaulu anaingia chumba cha upasuaji na paja lenye nguvu na goti linalonyooka, na hayo ni mambo mawili ambayo mpasuaji yeyote makini huyataka kabla ya kushika kisu.

Tatizo ni kwamba neno "mazoezi" limechakaa. Mtu akilisikia anafikiria kunyoosha viungo asubuhi au kuzunguka uwanja mara mbili. Wiki ya kwanza ya tiba hii inaonekana hivi: mgonjwa amelala chali, taulo lililokunjwa liko chini ya kisigino, anaambiwa akaze paja na kulikandamiza goti kuelekea kitandani, ahesabu hadi tano, aachie. Msuli unakataa. Anaukodolea macho, jasho linamtoka kwenye paji la uso, na paja limetulia kama la mtu mwingine. Huo si uvivu. Goti lililojaa damu na maji hutuma habari kwenye neva, na neva huuzima msuli wa mbele wa paja. Ukiachwa umezimwa wiki chache, unasinyaa hadi suruali inapwaya upande mmoja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kushusha uvimbe, kulinyoosha goti hadi mwisho na kuuamsha msuli huo. Kisha vinafuata kuchuchumaa kwa kipimo, kupanda na kushuka ngazi kwa mguu mmoja, na kujenga nyama za nyuma ya paja, ambazo zina umuhimu wa pekee kwa sababu huuvuta muundi kurudi nyuma, kazi iliyokuwa ya ACL. Baadaye ni kusimama mguu mmoja juu ya mto huku ukirushiwa mpira, kuruka na kutua bila goti kuingia ndani, kukimbia na kubadili upande ghafla. Kila hatua ina kipimo chake. Mguu mbovu ukiruka umbali usiofika walau asilimia 90 ya ule mzima, mgonjwa hajamaliza, hata kama hasikii maumivu. Hii ni dawa yenye dozi kama ya kifua kikuu: inachukua miezi, ina msimamizi, na mtu akiiacha katikati kwa kuwa amejisikia nafuu, asilaumu dawa.

Sasa nifike kwenye pingamizi ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, na ambalo watetezi wa mazoezi huwa wanalikwepa. Mwaka 2022 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliohusu wagonjwa 316. Hawa hawakuwa wameumia juzi. Walikuwa na magoti yaliyochanika zamani kidogo na yaliyoendelea kuyumba. Baada ya miezi 18, waliopangiwa upasuaji walikuwa na alama 73.0 na waliopangiwa mazoezi alama 64.6. Kisu kilishinda. Na mtu akiangalia foleni za kliniki zetu za mifupa atauliza kwa haki kabisa: wagonjwa wetu wanafanana na wale wa Uswidi walioonwa ndani ya wiki chache, au na hawa wa Uingereza? Jibu ni kwamba wengi wanafanana na hawa wa mwisho, wamekaa na goti bovu miezi, wengine miaka. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, ambaye goti linamtoka akigeuka tu jikoni, nakubali kwamba upasuaji una haki ya kutajwa mapema. Ila tuangalie amefikaje hapo. Hakufika kwa sababu alitibiwa kwa mazoezi yakashindwa. Amefika kwa sababu siku ya kwanza aliambiwa hana mfupa uliovunjika, akapewa vidonge na kurudishwa nyumbani, na hakuna aliyemfundisha hata kulinyoosha goti. Utafiti wa Lancet ukisomwa hapa kwetu unatuonya juu ya gharama ya kuchelewa. Wiki zile za mwanzo tunazozipoteza kwa kusubiri pesa ya upasuaji ndizo ambazo mazoezi yana nguvu kubwa zaidi.

Pingamizi la pili hutoka kwa wapenzi wa mpira, nao wana hoja. Mchezaji wa kulipwa anayetegemea kugeuka na kukata upande kila dakika yuko kwenye kundi lake, na utafiti wa Uswidi haukuwahusisha wanamichezo wa kulipwa. Klabu ya Ligi Kuu ikimpeleka mshambuliaji wake akapasuliwe, siwezi kuilaumu. Kosa ni kuifanya njia ya mshambuliaji huyo kuwa kipimo cha mwalimu wa shule aliyeumia kwenye bonanza la Jumapili. Halafu hata huko kwa wachezaji, kisu hakitoi dhamana inayodhaniwa. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kati ya vijana wa chini ya miaka 25 wanaopasuliwa ACL na kurudi michezoni, karibu mmoja kati ya wanne huumia tena, ama goti lile lile ama la pili. Mwaka huo huo watafiti wa Norway na Marekani walionyesha kwamba kila mwezi mchezaji anaochelewa kurudi uwanjani, hadi kufikia mwezi wa tisa, hupunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Kinachomlinda ni nguvu ya paja na muda, vile vile ambavyo vingemlinda asiyepasuliwa. Wapo pia wachache wa ajabu: Hines Ward alicheza ligi ya NFL ya Marekani miaka yake yote bila ACL katika goti la kushoto, na Februari 2006 akatangazwa mchezaji bora wa Super Bowl. Simtaji ili aigwe. Maumbile hayagawi magoti ya namna ile ovyo. Namtaja kwa sababu anavunja ule usemi wa kijiweni kwamba bila ACL mtu hawezi hata kukimbilia daladala.

Wengine huja na hofu ya uzeeni: usipopasuliwa goti litasagika. Hofu hiyo ina ukweli nusu. Aliyewahi kuchanika ACL ana hatari kubwa zaidi ya goti kusagika baadaye kuliko ambaye hajaumia, hilo halina ubishi. Lakini kule Uswidi, picha za eksirei za mwaka wa tano hazikuonyesha kwamba waliopasuliwa mapema walikuwa wamenusurika zaidi ya wenzao. Kinachoharibu goti kwa haraka ni kuliacha liwe linateguka mara kwa mara, maana kila likiyumba linasaga zile pedi mbili laini za meniskasi zilizo katikati ya mifupa. Anayesema "nilikataa upasuaji" huku goti likimtoka kila wiki hajachagua tiba isiyo ya upasuaji. Hajachagua tiba yoyote.

Kuna magoti yasiyopaswa kusubiri, na mwandishi anayetetea mazoezi bila kuyataja anahatarisha watu. Goti lililojifunga, lisilokunjuka kabisa kwa sababu kipande cha meniskasi kimekwama ndani kama kokoto kwenye bawaba, ni la mpasuaji. Ligamenti ya ubavu wa nje ikikatika kabisa pamoja na vishikizo vya kona ya nyuma, matokeo ya kuiacha huwa mabaya. Na ligamenti mbili tatu zikikatika kwa pamoja, jambo ambalo ajali za pikipiki hulifanya kwa urahisi wa kutisha, kuna uwezekano goti lilitoka mahali pake na kuumiza mshipa mkubwa wa damu nyuma yake. Hapo mguu wenyewe uko hatarini na saa zinahesabika. Kwa bahati nzuri hatuko tena pale ambapo kila goti la kupasuliwa lilihitaji pasipoti. Upasuaji wa goti kwa matundu madogo na kamera unafanyika nchini, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ikiwa mfano mmojawapo. Wapasuaji hao ni wachache, na kila anayepasuliwa goti ambalo lingepona kwa mazoezi anachukua nafasi ya yule ambaye goti lake limejifunga.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini: haya mazoezi ni tiba ya maskini, wenye pesa wanapasuliwa. Ukweli umegeuzwa hapa. Kufanya tiba hii vizuri kunataka mtaalamu wa fiziotherapia, nauli ya kumfikia mara kwa mara, na mwajiri atakayekupa ruhusa. Wale wagonjwa wa Uswidi na Uholanzi walikuwa na huduma hiyo karibu na nyumbani. Kwetu wataalamu hawa wanafundishwa, chuo cha KCMC Moshi kimekuwa kikifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, lakini wengi wao wamejazana mijini na kwenye hospitali za rufaa, na mgonjwa wa goti hupelekwa kwao mwisho, baada ya kila kitu kingine. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mjadala wa vifurushi vyake umetawaliwa na dawa, vipimo na upasuaji. Kifurushi kinacholipia MRI na chumba cha upasuaji lakini kinakunja uso kwenye kikao cha kumi cha mazoezi kimekwishaamua tiba kabla ya daktari. Tena hakitapunguza gharama kwa kumpasua mgonjwa, kwa sababu naye baada ya kushonwa atahitaji mazoezi yale yale, kwa miezi ile ile, sasa akiwa na kidonda na paja lililotolewa kipande cha kano kwa ajili ya kipandikizi.

Hapa pana ombwe, na ombwe hujazwa na wafanyabiashara. Tayari kuna wanaouza sindano za kila aina kwa ahadi ya kuunga ligamenti, na ushahidi wa sindano hizo kwa ACL iliyokatika ni mwembamba mno kuhalalisha bei zake. Habari kutoka Australia zinatia moyo zaidi: mwaka 2023 watafiti walieleza wagonjwa 80 waliofungwa bresi goti likiwa limekunjwa nyuzi 90 kwa wiki 4, kisha likafunguliwa kidogo kidogo, na picha za MRI za mwezi wa tatu zikaonyesha dalili za kuunga kwa asilimia 90 yao. Hapo ule msemo wa kwamba ACL haiungi kamwe umetikiswa. Ila hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo, baadhi yao walichanika tena, na kumfunga mtu mguu umekunjwa kwa mwezi mzima kunaweza kumgandisha damu kwenye mshipa. Wale walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari kwa hatari hiyo. Asitokee fundi wa mtaani akaanza kuwafunga watu mipira ya baiskeli.

Ninachokitaka ni kitu kidogo kuliko mashine mpya. Mgonjwa mwenye goti lililovimba, ambaye eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika na ambaye hana zile dalili za hatari, leo hii anaondoka na karatasi iliyoandikwa dawa za maumivu na "apumzike". Karatasi hiyo iandikwe jina la ligamenti inayoshukiwa. Tarehe ya kuanza mazoezi tiba, ndani ya wiki hiyo. Zoezi la taulo chini ya kisigino, mara ngapi kwa siku, ili aanze usiku ule ule. Tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu kupimwa nguvu ya paja na uthabiti wa goti. Na mstari mmoja wa chini unaosema atamwona mpasuaji gani iwapo siku hiyo goti bado linamtoka.